Ukumbi Mmoja Niliowaahidi Watu Wawili

Jumatatu, 1 Aprili 1974

Likizo ya Pasaka imeanza. Shule kimya. Asante Mungu!

Katekista wetu alisema jana kwamba kila Mkristo aandike kila siku jambo moja la kushukuru. Nimepata daftari la mwanafunzi aliyefukuzwa. Kurasa nne tu zimetumika, zote hesabu, zote makosa. Nashukuru kwa daftari.

Jambo la pili: Prefe Musonda, mkuu wetu wa shule, amekwenda Mokambo kwa wakwe zake, wiki nzima. Kabla ya kupanda gari aliniita mbele ya mwalimu Ngosa, akanikabidhi mimi, mlinzi wake, ufunguo wa ukumbi wa maigizo. Akasema, maana siku hizi sote ni Citoyen, raia: “Citoyen Kapya, kama benchi moja inatoka pa fasi yake, fungulo inaenda kwa Ngosa. Na nyumba inafwata fungulo.”

Nyumba ni vile vyumba viwili nyuma ya jukwaa. Humo nakaa mimi, mke wangu Chola, binti yetu Bijou na wadogo zake watatu. Ngosa anafundisha michezo. Hana mke, hana mtoto, ana filimbi. Tangu mwaka jana anapima madirisha yangu kwa macho. Leo alitabasamu. Nami nikatabasamu.

Maana mimi nina mpango! Ukumbi una mabenchi ya watu mia mbili na unalala bure likizo nzima. Hapa mtaani Katuba watu hawana pa kukutania. Nitaukodisha. Pesa sitashika, pesa za shule zina Prefe na mihuri yake. Nitapokea shukrani tu. Shukrani ya kubebeka.

Na tayari! Saa nane amekuja Mwenze, fundi wa tanuru kule Kampuni ya shaba. Anautaka Jumamosi saa tisa, kumaliza matanga ya marehemu mama yake. Ndugu wanatoka Lukafu kwa lori. Shukrani yake magunia mawili ya unga wa mahindi. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Jioni tumekula bukari, yaani ugali, ya unga mpya. Chola ameuliza umetoka wapi. Nimesema kwa Mungu. Si uongo, mvua ni ya nani?

Jumanne, 2 Aprili

Asubuhi amekuja Mama Kulthumu, mke wa Alimasi, fundi cherehani. Watu wao ni wale Waislamu wa asili ya Maniema, wa kule karibu na soko. Wanataka kusoma Maulidi. Msikiti wao mdogo, na mwaka huu wageni wanatoka hadi Kasongo. Wanautaka ukumbi. Siku gani? Jumamosi. Saa ngapi? Tisa.

Nilifungua kinywa kusema umeshachukuliwa. Akasema mume wake atanishonea abakosi.

Abakosi! Suti ya mifuko minne, kola ya heshima, bila tai. Kinywa changu kikajifunga chenyewe. Kilipofunguka tena kilisema ndiyo.

Ikabaki shida ya Mwenze. Kumrudishia unga? Umeshaliwa, sehemu. Kumpa Jumapili? Jumapili naitunza, huenda kwaya ikaja na kuku. Nilizunguka ukumbi mara tatu, na mara ya tatu wazo likaja. Nilimfuata Mwenze nyumbani kwake, nikamwambia kwa huzuni kwamba Jumamosi Chama kimechukua ukumbi kwa animasyo, yaani zile ngoma na densi za kulisifu Taifa. Nani atabishana na Chama? Kipo kimoja tu. Hakuna cha pili cha kwenda kushtakia.

Mwenze alivua kofia. Akasema: “Ba mu Lukafu balishalipa lori, Kapya. Muntu hawezi kubakataza.”

Nilimhurumia sana. Nilimhurumia njia nzima ya kurudi. Nashukuru kwa Chama, ambacho leo kimenisaidia bila kujua.

Jumatano, 3 Aprili

Msiba!

Mwenze hakukaa nyumbani kulia kama nilivyopanga. Alikwenda kwa Mukuka, katibu wa Chama wa mtaa wetu, kuomba kwa adabu kwamba animasyo imalizike mapema ili ndugu zake wapate walau saa moja ya jioni. Mukuka hakujua lolote. Angejuaje? Nilizua mimi! Lakini katibu asiyejua jambo la Chama mtaani kwake ni katibu wa jana. Kwa hiyo Mukuka alikohoa, akasema: “Niko najua. Niko najua tangu zamani.”

Mwenze hajafika hata kwenye kona, Mukuka ameshaita vikundi vyote. Tangu mchana Katuba nzima inapiga ngoma. Mama wa sokoni wanafanya mazoezi mbele ya nyanya zao. Ngosa anawapanga mistari kwa filimbi. Nilipita kando yake, nikamsikia akiwaambia kwamba yeye aliarifiwa wiki iliyopita. Wiki iliyopita! Hata mimi mwenye uongo sikuwa nao wiki iliyopita.

Siwezi kukanusha. Kusema hakuna animasyo ni kusema nilikitia Chama maneno kinywani. Watu wamelala ndani kwa madogo kuliko hayo. Na Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa hiyo hiyo, Waislamu watakuja na mikeka yao. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imeishia kwa katibu, dakika kumi kwa miguu.

Lakini sikati tamaa. Nimebandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: HATARI. MCHWA WAMEKULA JUKWAA. UKUMBI UMEFUNGWA. Ukumbi ukifungwa, wote watarudi kwao, na hakuna atakayenilaumu ila mchwa. Nashukuru kwa gundi.

Alhamisi, 4 Aprili

Saa moja asubuhi, hodi. Mukuka, na nyuma yake maseremala wanne wenye mbao mabegani. Amesema Chama hakiwezi kushindwa na mdudu.

Nikasema tusiharakishe. Nikasema mchwa wa huku wana hasira. Hawakunisikiliza. Waling'oa ubao wa kwanza.

Mchwa! Kweli kabisa! Wanene, weupe, maelfu! Nusu ya jukwaa ilikuwa unga mtupu chini ya rangi. Seremala mkubwa aliingiza kidole ndani ya nguzo kama mtu anayeonja bukari. Akasema wachezaji wangepanda hapo Jumamosi, tungezika watu. Mukuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita raia mwenye macho. Hadi saa tisa jukwaa lilikuwa jipya, mbao zilizopigwa msasa, harufu nzuri ajabu.

Nashukuru kwa mchwa. Lakini sasa sina sababu ya kufunga.

Ikabidi niende kwa Mama Kulthumu, nimwambie Maulidi haiwezekani. Maneno niliyapanga njiani, mafupi, ya kiume. Nilipofika nilikuta wanawake thelathini uani wanachagua mchele kwenye masinia, udi unafuka, vizee vinanikaribisha kama bwana harusi. Fundi Alimasi akanivuta ndani, akanizungushia tepu ya kupimia shingoni. Akasema nina mabega ya mkurugenzi.

Nani amewahi kutoa habari mbaya na tepu shingoni? Nimerudi na sahani ya vitumbua. Kumi nimekula njiani kwa huzuni. Nashukuru kwa vilivyobaki, ambavyo ni viwili.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikula asubuhi. Chola alinitazama mara moja, akafunga mlango, akasema niseme.

Nilisema. Unga, abakosi, Chama, mchwa, yote. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la pili la unga, lile ambalo hatujalifungua, akauliza jambo moja tu: kama Prefe akichukua ufunguo, watoto watalala wapi? Nilijibu kwamba nina mpango. Akasema: “Baba Bijou, mipango yako njo inaniogopesha.”

Kisha akajifunga kikwembe, kitenge chake kizuri, akachukua ufunguo kwenye msumari, akamtwisha Bijou lile gunia, wakatoka. Mimi nakufa, yeye anakwenda kutembelea watu!

Amerudi jua likizama, miguu vumbi hadi magotini, gunia hakuna. Nimeuliza alikuwa wapi. Amesema kwa watu. Ameweka chakula mbele yangu. “Kula. Kesho utanyamaza tu. Utaweza?”

Nimesema nitaweza. Hata hivyo nimeandika wosia mfupi: daftari hili apewe Bijou, na abakosi ikimalizika kushonwa nizikwe nayo. Nashukuru kwa bukari.

Jumamosi, 6 Aprili

Asubuhi salongo, kazi ya umma ya kila Jumamosi. Mukuka aliuleta mtaa wote kusafisha ukumbi. Madirisha yalioshwa. Mabenchi yalioshwa juu na chini. Gundi za kutafuna za miaka saba zilibanduliwa kwa visu. Ngosa mwenyewe alipiga magoti na brashi. Kwa hilo tu nashukuru mwaka mzima.

Saa nane watu wa Mama Kulthumu wakafika. Mabenchi yakasogezwa ukutani, mikeka ikatandikwa, viatu vikapangwa mlangoni. Mimi niliahidi kunyamaza. Mahali pazuri pa kunyamazia ni kile kishimo chini ya jukwaa, anapokaa yule anayewanong'oneza waigizaji maneno wakisahau. Nikaingia. Kuna ufa. Kupitia ufa unaona miguu tu.

Kisomo kilianza. Sauti nzuri, nzito, zikipokezana. Kwa muda nilisahau kwamba mimi ni mtu aliyekwisha. Halafu, saa tisa na nusu, nikazisikia ngoma za Chama barabarani. Zikakaribia. Zikafika mlangoni. Nikafumba macho.

Zikanyamaza.

Nikasikia Mama Kulthumu, taratibu kabisa: “Karibuni, bageni betu. Viatu munaacha hapa. Chakula iko ya bote.”

Nikafumbua jicho moja. Mbele ya ufa ilipita miguu ya Mukuka katika soksi, kidole gumba cha kushoto kiko nje kinaangalia dunia. Nyuma yake miguu hamsini, peku, ikinyata. Ya Ngosa pia, soksi moja nyeusi, moja ya bluu. Wakakaa kwenye mikeka. Hakuna aliyeuliza chochote. Kila mmoja aliamini mwenzake aliarifiwa.

Wakasikiliza saa nzima. Dufu zilipoanza kupigwa niliona kidole cha Mukuka kikifuata mdundo. Kisha mikeka ikakunjwa upande mmoja, masinia ya pilau yakaingia, na nje lori likapiga honi. Watu wa Lukafu! Mwenze akawaleta ndani na mavumbi yao, wakapewa maji ya kunawa, wakala kama watu waliosafiri siku mbili, maana walisafiri siku mbili. Hakuna aliyegombana. Hakuna! Mimi niko chini ya mbao na harufu ya pilau, na hakuna anayegombana.

Baada ya chakula Waislamu wakamaliza dua yao, wakasogea pembeni, na wachezaji wa Chama wakapanda jukwaa. Juu ya kichwa changu. Miguu hamsini. Vumbi la msumeno likanyesha. Nilishika pua. Nilisali. Nikapiga chafya, chafya kubwa, mara nne, hadi ubao wa kishimo ukafunguka, nikatokea katikati ya densi mpaka kiunoni, mweupe kama mchwa.

Watu wote wakanitazama. Ngoma hazikusimama. Ningefanya nini? Nilipanda, nikacheza.

Makofi! Wazee wa Maniema walipiga makofi, mama wa Lukafu walipiga vigelegele. Na Chola, karibu na mlango, alicheka hadi akakaa chini. Cheko hilo sijalisikia tangu Bijou azaliwe. Nashukuru kwa cheko hilo kuliko jukwaa, kuliko pilau, kuliko yote niliyoandika humu.

Viatu vyangu vimekwenda na mtu. Si kitu, nakaa karibu.

Jumapili, 7 Aprili

Leo Mwenze amemaliza matanga ya mama yake ukumbini. Kwaya haikuja na kuku wake, na ingekuja ningeifukuza, nadhani. Walilia kidogo, waliimba sana, wakanyoa nywele za watoto wa marehemu uani. Mwenze aliniita nikae karibu naye. Mimi!

Nikamwambia jinsi nilivyopanga mambo vizuri jana, kila kundi kwa saa yake. Mwenze aliniacha nimalize. Kisha akanieleza, bila hasira.

Ijumaa Chola alifika kwake, akapiga magoti sebuleni mbele ya wazee, akasema uongo wote ni wa nyumba yake na anauombea msamaha. Akarudisha gunia la pili. Mwenze alikasirika kwanza. Baadaye akakubali Jumapili, kwa sababu, alisema, mwanamke aliyepiga magoti kwa kosa lisilo lake humwachi chini. Kisha Chola akaenda kwa Mama Kulthumu, akapiga magoti huko pia. Mama Kulthumu akamwinua, akasema wageni siku ya Maulidi ni baraka, waje tu, ataongeza sufuria. Naye mwenyewe akajifunga mtandio, akaenda kwa Mukuka. Hakumwambia kosa la mtu. Alimwambia tu kwamba Jumamosi, kama anavyofahamu, kwanza kuna kisomo na watu wanavua viatu, halafu chakula, halafu ndipo densi. Mukuka akajibu kwamba anajua, anajua tangu zamani.

Nilikwenda nyuma ya jiko, nikalia. Naandika wazi: nililia. Miaka kumi na minne nimejiona mimi ndiye kichwa cha nyumba hii, na siku mguu wangu ulipokuwa ukingoni mwa shimo, yeye alitembea Katuba nzima na gunia. Nikamwambia asante. Akasema nikachote maji. Nilichota ndoo sita bila kuambiwa mara ya pili.

Jumatatu, 8 Aprili

Prefe amerudi.

Mukuka alikuwa akimngojea langoni tangu saa mbili, amevaa soksi mpya. Alimpongeza kwa Jumamosi: umati, nidhamu, umoja wa raia, jukwaa jipya. Amesema ripoti imekwisha kwenda kwa wakubwa wake, ofisini kwa Zone. Prefe Musonda hakujua hata neno moja. Nilimwona usoni. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Kisha akarekebisha kola ya abakosi yake, akasema bila shaka, yote aliyapanga mwenyewe kabla ya kwenda Mokambo.

Halafu akafunga mlango wa ofisi na kutuita, mimi na Chola. Uso mwingine kabisa. Nikafungua kinywa. Akaninyamazisha kwa kidole, akamwambia Chola aseme. Chola alisema yote, kwa maneno machache, hata ya unga. Prefe alikaa anazungusha kalamu. Kunifukuza alitaka, niliona. Lakini angemwambiaje Mukuka? Sifa ameshazipokea.

Akanyoosha mkono. “Leteni fungulo.”

Nje ya dirisha, Ngosa, filimbi mdomoni, tayari. Chola akauweka ufunguo mezani. Vidole vyake vilichelewa kuuachia, na hapo nikaelewa kwamba tangu Ijumaa yeye aliogopa kuliko mimi. Niliwaza watoto na magodoro barabarani. Niliwaza nitasema nini kwa Bijou.

Prefe akauchukua. Akautazama. Akamrudishia Chola mkononi. “Mama Bijou, kamata. Weye njo utabakia nayo. Bantu bakitaka sale, baongee na weye.”

Na nyumba inafuata ufunguo! Tunabaki! Ngosa ameondoka bila kupiga filimbi. Wanaotaka ukumbi wataandikwa na Chola, kundi moja siku moja, na shukrani zao zitakuwa za shule: mabenchi, taa, pazia. Nimeona ni mpango mzuri, ingawa hauna akili nyingi.

Jioni Alimasi ameleta abakosi. Nilisema sistahili. Akasema hakuna anayestahili, lakini kitambaa kimeshakatwa. Nimeivaa. Mabega yanakaa kama alivyosema. Namshukuru Mungu, Alimasi, Mama Kulthumu, Mwenze na marehemu mama yake, Prefe, hata Mukuka. Na Chola. Chola mara mbili.

Jumanne, 9 Aprili

Chola amekwenda sokoni na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kikwembe chake. Mimi nimekaa mlangoni pa ukumbi na abakosi yangu, kupokea salamu.

Saa tatu amekuja kiongozi wa kwaya. Anataka ukumbi Jumapili ya Pasaka, alasiri. Nikamwambia mwenye kuandika ni mke wangu. Akasema atarudi, akaniachia bata wawili kwa heshima tu. Siwezi kukataa heshima. Nikampa neno langu.

Saa tano wamekuja watu wa karate. Jumapili ya Pasaka, alasiri. Wana redio ya betri sita, inashika hadi Ndola.

Nimekaa nikafikiri kwa makini, kama mtu aliyeonja shida. Kosa langu la wiki iliyopita sasa naliona vizuri, na nashukuru kwamba nimeliona mapema. Nilitaja Chama cha mtaa. Karibu mno! Mwenze alitembea dakika kumi tu, akauliza. Redio nimeipokea. Na nimemtuma mtu amwambie kiongozi wa kwaya, kwa huzuni, kwamba Pasaka ukumbi umechukuliwa na mgeni mkubwa kutoka Kinshasa.

Nani atakwenda kuuliza Kinshasa? Bata nimewafungia uani, na Chola akirudi nitamwambia wametoka kwa Mungu.